Posa Iliyosahauliwa kwa Sababu ya Mwambao

Kijana yeyote anayekuja kuniaga kwamba anakwenda Saudia kufanya kazi ya mbao, mimi humuuliza swali moja tu: unakwenda Jeddah au Riyadh? Wengi hucheka. Hudhani mzee amechoka, kwa maana kwao Saudia ni Saudia. Lakini ukinijibu kwamba ni mamoja, basi wewe hujawa fundi bado. Jeddah iko baharini. Ukifua shati asubuhi, mchana bado lina unyevu kwapani. Riyadh iko katikati ya jangwa, na huko midomo hupasuka kabla hujamaliza kusalimiana na watu, na shati hukauka ukiwa bado unatafuta kibanio cha kulianikia. Ubao nao una midomo. Hunywa hewa ukavimba, hunyimwa ukasinyaa. Ukiutengeneza mahali penye maji ukaupeleka mahali pakavu, utakuumbua mbele za watu.

Somo hilo lilikaribia kunikosesha mke. Kwa hiyo nitawasimulia yote mawili pamoja, la ubao na la mke, maana mimi mwenyewe sijaweza kuyatenganisha mpaka leo.

Nilifika Jeddah wakati mafuta yamepanda bei na Waarabu wanajenga kama watu waliokatazwa kupumzika. Nilikuwa na darasa saba, patasi za marehemu baba, na ndoto za kutosha watu wa mtaa mzima. Nililala mtaa wa Karantina, chumba kimoja na Wasomali na Wahausa, na kila asubuhi nikienda kazini mtaa wa Ghulail nilikuwa nikijenga karakana yangu kichwani: dirisha hapa, meza ya randa pale, jina langu juu ya mlango. Nikigongana na watu njiani, naomba radhi, naendelea kujenga.

Karakana tuliyofanyia kazi ilikuwa ya Abu Nasir, ambaye ndiye kafili wetu, yaani ndiye aliyetuandikishia ikama, hati ya ukaazi, na bila yeye hukuwa na haki ya kukaa nchini. Mtu mwema, mwenye haraka. Neno lake la salamu lilikuwa yalla, haya twende, na la kuagia lilikuwa halas, basi yamekwisha. Tulikuwa tukitengeneza mabenchi ya majlisi, ile sebule kubwa ya wageni wa kiume. Watu wa Jeddah walipenda benchi la mbao linalozunguka ukuta mzima, juu yake magodoro na mito. Watu wa Riyadh kwa desturi wao hukaa chini, kwenye mazulia, lakini fedha za mafuta zilipokuja wengine wakataka nao wakae juu kama watu wa Jeddah.

Kazi hiyo huhitaji mafundi wawili: wa mbao na wa magodoro. Wa mbao alikuwa Mzee Abud, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyejifunza randa benchi moja na baba yangu. Ndiye aliyenipokea bandarini, na mimi nilimwita ami, kama ndugu wa baba. Wa magodoro alikuwa Mzee Juma, Mdigo kutoka Kwale, mwenye mikono minene na mshono mwembamba kuliko wa mwanamke yeyote niliyemjua. Wote wawili walikuja Saudia kuhiji, wakabaki. Wote wawili walikuwa mafundi ambao hamtawaona tena. Na kila siku ya Mungu, chai ikishamiminwa, walikuwa wakigombania Mwambao.

Nyinyi mliozaliwa juzi pengine hamjui jambo hilo, basi sikizeni kidogo. Mwingereza alipokuwa akifunga virago vyake Kenya, ule ukanda wa pwani wa maili kumi kutoka baharini haukuwa wake kwa mkataba. Alikuwa ameukodi kutoka kwa Sultani wa Unguja, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Mombasa. Sasa Mwingereza anaondoka, ukanda ule uwe wa nani? Wako waliosema Mwambao ujitenge, usimame peke yake au urudi kwa Sultani. Wako waliosema hapana, pwani na bara ni Kenya moja. Watu waliandamana, ndugu walinuniana, harusi zilivunjika. Mwisho pwani ikaingia Kenya, kama mnavyoiona leo. Kwa dunia nzima jambo lilikuwa limekwisha. Ghulail lilikuwa bado.

"Nyumba ile ilikodishwa, haikuuzwa," Mzee Abud husema, huku akipuliza chai. "Mpangaji akiondoka, nyumba humrudia mwenyewe. Haipewi jirani."

"Na sisi tuliokuwa tunalala ndani ya nyumba?" Mzee Juma humjibu. "Mlituuliza twamtaka mwenye nyumba yupi?"

"Mngetaka nani, yakhe? Watu wa bara wachukue bandari, wachukue ardhi, wamfukuze kadhi?"

"Wewe uliogopa watu wa bara, Abud. Sisi tulikuogopa wewe."

Hapo kila mmoja hurudi kwenye kazi yake, mpaka chai ya pili. Siku moja nilijitia ujuzi nikauliza, je, na wale waliotaka majimbo, kila upande ujitawale kidogo ndani ya Kenya hiyo hiyo? Wote wawili walinigeukia kwa pamoja. "Hao hawakujua wanachotaka," wakasema, tena kwa sauti moja. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kuwasikia wakikubaliana.

Tulikuwa na dereva wa lori Myemeni, akiitwa Ali. Alikuwa anasikia neno hilo moja tu, Mwambao, Mwambao, siku zote. Ikafika siku akanivuta kando. "Huyu Mwambao," akaniuliza, "alikuwa mzuri kweli? Alimpenda yupi kati yao?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza, alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema afadhali angekuwa mwanamke, kwa sababu mwanamke huzeeka na watu wakamsahau.

Mimi wakati huo nilikuwa na mwanamke wangu wa kufikiria, na alikuwa binti ya Mzee Juma. Jina lake Mwanasiti. Mama yake, Bi Mwanatumu, aliniita siku moja nikatengeneze dirisha lao lililokuwa likipiga kelele kwa upepo. Bi Mwanatumu akawa jikoni, mlango wazi, na Mwanasiti akawa anafundisha watoto wa majirani alifu na bee uani. Nikawa naparuza dirisha taratibu kuliko dirisha lolote nililopata kuparuza.

"Fundi," akasema bila kuniangalia, "usilitengeneze sana. Likifunga kabisa sitajua nani anapita."

"Nikilibakizia kelele, baba yako atasema sijui kazi."

"Basi atakuita tena."

Nilibakiza kelele. Niliitwa tena. Hayo tu, vijana, na msinitazame hivyo. Hatukusema jingine. Lakini nilirudi Karantina siku hiyo nikapita mlango wa chumba chetu nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, na ile karakana yangu ya kichwani ikaota orofa ya pili yenye mapazia.

Kwetu kijana hajiposei. Hata awe na ndevu mpaka kifuani, lazima mzee wa upande wake aende nyumbani kwa binti, aseme maneno kwa mdomo wake, naye baba wa binti ayasikie kwa masikio yake. Yasiposemwa hakuna posa, hata kama dunia yote inajua. Na ikishasemwa posa ya mtu na kupokewa, mwingine haruhusiwi kuja juu yake. Sasa mzee wa upande wangu, Saudia nzima, alikuwa mmoja: ami Abud. Kumtafuta mwingine kungekuwa kumwambia yeye si baba yangu. Na nyumba aliyotakiwa kwenda ilikuwa ya Mzee Juma.

Tena hakukuwa na muda wa kungojea wapatane. Bi Mwanatumu alinidokeza, akiwa amenipa sahani ya vitumbua niwapelekee wazee kazini, kwamba ndugu wa Mzee Juma kutoka Kwale anakuja kuhiji mwaka huo, na mfukoni mwake anakuja na posa ya mwanawe kwa Mwanasiti. "Mimi sina la kusema," alisema. "Nasema tu kwamba meli za mahujaji zikifika, zimefika." Akaniongezea kitumbua kimoja, akasema hicho ni changu.

Nilimwambia ami Abud. Alifurahi hata akasahau kuvaa kofia. Ijumaa ile baada ya swala alivaa kanzu yake nyeupe ya kitani, akanunua halua ya Maskati, akaenda. Mimi nilikaa kwenye mkahawa wa Wayemeni mkabala na nyumba, nikiagiza chai nisizozinywa. Nilikuwa nimehesabu mapazia yote ya orofa ya pili ya kichwani mwangu na naingia jikoni mwake, mlango wa Mzee Juma ukafunguliwa. Ami Abud akatoka. Kofia upande, uso mwekundu, halua mkononi bado.

"Vipi, ami?"

"Mtu jeuri yule. Hajui hata mkataba una maana gani."

"Lakini amesemaje kuhusu posa?"

Alisimama. Alinitazama kama mtu aliyeacha maji jikoni yakichemka. "Posa," akasema. Kisha akaketi kwenye kiti cha Wayemeni, akaishika halua magotini. "Mwanangu, nimesahau."

Haya ndiyo yaliyotokea. Walisalimiana vizuri, wakakaa, kahawa ikaja. Mzee Juma akauliza kwa desturi, kijana ni wa wapi na watu wake ni kina nani. Ami akajibu, "Kijana ni wa kwetu, wa Mwambao." Mzee Juma akasema, "Wa Kenya." Ami akasema, "Mwambao." Na hapo wakaondoka wote wawili, wakarudi miaka ile, wakaandamana tena barabara zote za Mombasa wakiwa wamekaa juu ya mkeka. Mwisho ami akasimama na kuapa kwamba hatakaa tena kwenye kiti wala mkeka wa Juma mpaka Juma akiri kwamba Mwambao ulikodishwa. Kiapo cha mtu aliyetoka msikitini. Hakuwa na njia ya kukirudisha.

Nilimwambia si kitu, ami. Nikala halua yake. Mimi ni mtu wa kufurahi upesi, lakini ile halua niliiacha nusu.

Hazikupita siku nyingi, Abu Nasir akaingia karakanani bila kusema yalla. Tulijua kuna msiba. Tulikuwa tumemtengenezea ami yake wa Riyadh benchi kubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, na sasa benchi lile lilikuwa linalia. Mgeni akikaa, linalia. Akiegemea, linalia. Juzi alikuja mtu mkubwa wa ukoo wao, akakaa, benchi likatoa sauti ambayo Abu Nasir hakutaka kuitaja, na wageni wote wakaangalia dari. "Nendeni nyote," akasema. "Msirudi mpaka linyamaze." Akatuandikia barua ya ruhusa ya safari, maana ikama ya Jeddah haikutosha kukufikisha Riyadh peke yake.

Tukapanda lori la Ali, watu wanne, Ali kwenye usukani na sisi kiti cha nyuma, wazee wakiwa dirishani kila mmoja upande wake na mimi na kifua cha vyombo katikati. Tulipanda milima ya Taif wazee wamegeuziana visogo. Jangwani huko mbele Mzee Juma akaniambia mimi, "Hamisi, mwambie ami yako mbao zake ndizo zinazolia." Ami akaniambia, "Mwambie Mzee Juma ni godoro lake, kajaza sponji." Nikawa nawapelekea maneno watu walioketi hatua moja kutoka kwangu. Sponji ilikuwa jambo geni wakati huo. Kabla yake tulijaza pamba, tukaipiga kwa fimbo mpaka ilainike, na godoro la pamba lilikaa miaka likipokea umbo la mwenye nyumba. Sponji haikumbuki mtu. Lakini sponji pia hailii, na moyoni nilijua Mzee Juma ana haki.

Tulipofika, ami Abud alipiga magoti, akainua godoro, akatazama. Uso wa benchi ulikuwa umepasuka.

Hapa ndipo nataka mkae karibu, maana ni kazi. Ami alikuwa amelaza mbao fupi ubavu kwa ubavu, kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, akazigundisha zote pamoja na kuzipigilia misumari kila ncha, zikawa ubao mmoja mrefu usio na alama. Jeddah ulikuwa mzuri, unapitisha kiganja huoni kiungo. Lakini ubao husinyaa kwa upana wake. Kila ubao ukisinyaa kidogo tu, na zote zimeshikana, ile kidogo ya kila mmoja hujumlishana. Benchi lilitaka kusinyaa na misumari ikalikataza. Likawa linavutana lenyewe kwa lenyewe, likipasuka hapa, likisaga pale. Kilio tulichosikia kilikuwa hicho.

"Tia gundi kwenye nyufa," akasema ami. "Tutie na misumari mingine."

"Gundi ya nini?" Mzee Juma akasema, sasa akimwambia mwenyewe, kwa hasira alisahau kunitumia mimi. "Likate. Magodoro yangu nimeyashona vipande vipande, ndiyo maana hayana neno. Likate vipande vitatu, vinne, kila kimoja kipate nafasi yake."

"Likikatwa si benchi tena. Ni viti."

"Litalia mpaka kiyama."

"Nimelitengeneza moja, litabaki moja. Hamisi, lete gundi."

"Hamisi, chukua msumeno."

Nilikuwa nimeshika vyote viwili. Huku mzee atakayeniposea, huku mzee atakayeombwa binti yake. Nikikata, nimemvunjia heshima baba yangu mbele ya watu. Nikigundisha, nimemwambia baba wa Mwanasiti hajui asemalo. Meli za mahujaji zilikuwa njiani. Niliwatazama, mmoja amekunja ngumi juu ya godoro, mwingine juu ya ubao, na ghafla nikaona kitu, na nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Wao wakadhani jua limenipanda.

"Wacheka nini?" ami akauliza.

"Nisameheni wazee wangu. Mzee Juma, wewe si ndiye wa Kenya moja? Mbona leo wataka tukate? Na wewe ami, si ndiye wa kujitenga? Mbona hutaki msumeno uguse?"

Ali, aliyekuwa amekaa mlangoni na maji yake, akaniuliza nimesema nini, nikamfasiria kwa Kiarabu. Akaanza kucheka yeye, kicheko cha Kiyemeni kinachoanzia tumboni. Nikaona bega la Mzee Juma linatikisika. Ami Abud alijaribu kukaza uso, akashindwa, akakaa juu ya benchi, na benchi likalia kilio kirefu, na hapo wote wawili wakaangua.

Walipotulia, ami akawa anapapasa ule ufa kwa kidole gumba. Akasema polepole, si kwa kugombana, "Unajua, Juma, sikutaka kukata kwa ajili ya kukata. Niliogopa kugundishwa. Nyumba ya baba yangu, kadhi wetu, mambo yetu. Nilidhani tukigundishwa na nchi kubwa vile, tutapasuka sisi."

Mzee Juma naye akakaa. Benchi likalia. "Nami sikukataa upate nafasi," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza msumeno utapita wapi. Shamba la mamangu lilikuwa ndani ya maili kumi. Kisima chake kilikuwa nje. Kila mliposema Mwambao, nilimwona mama amesimama na ndoo yake, anaomba ruhusa ya kwenda kuchota maji."

"Hukuwahi kuniambia habari ya kisima."

"Hukuwahi kuniuliza. Uliniambia habari ya mkataba."

Kisha ami Abud akasimama, akavuta penseli nyuma ya sikio. "Haya, tuseme tunakata. Msumeno upite wapi?"

Ndipo wakafanya kazi. Mzee Juma akapanga magodoro yake ili tuone wageni hukaa wapi, kwa sababu ufa ukiwa chini ya mtu humfinya, lakini ukiwa chini ya mto hana habari nao. Ami akaweka alama pale penye mito. Mimi nikakata, na wote wawili waliushika ubao usinyanyuke. Kisha ami akawaza jambo lake, na hili ndilo hasa la kazi: akalaza mti mmoja mrefu chini ya vipande vyote, akauunganisha kwa skurubu zilizopita kwenye matundu marefu badala ya ya duara. Kila kipande kikawa na nafasi ya kusinyaa na kuvimba, na hakuna kilichoweza kutoka mstarini. Ukitazama kwa juu, benchi moja. Ukilala chini yake, utaona lina hewa. Tangu siku hiyo sijatengeneza benchi refu kwa namna nyingine, na nawafundisha nyinyi hivyo hivyo.

Tukakaa wote wanne kulijaribu, na Ali akaongeza kuruka. Kimya. Mzee Juma akaegemea mto wake mwenyewe, akafunga macho. Ami akaona nafasi imepatikana. Akakohoa, akasema, "Juma, ndugu yangu, kuna jambo nililosahau siku ile."

"Usiliseme," akasema Mzee Juma, macho bado amefunga. "Posa haisemwi kwenye nyumba ya watu. Ina nyumba yake."

Nyumba yake ndiyo ile ambayo ami aliapa hatakaa.

Njia nzima ya kurudi walizungumza, sasa mimi sina kazi ya kupeleka maneno, na mazungumzo yenyewe yalikuwa Mwambao ule ule, isipokuwa sasa kila mmoja alikuwa akiuliza. Kisima kilikuwa na kina gani? Kadhi wa wakati ule alikuwa mkali? Taif wakaanza kugombana tena, lakini kidogo, kama watu wanaokumbushana wimbo.

Tuliingia Ghulail baada ya alasiri. Lori likasimama mbele ya nyumba ya Mzee Juma. Akashuka na kifurushi chake, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema moyoni, basi. Ami Abud akashuka naye. Hakuoga, hakubadilisha nguo, unga wa mbao ulikuwa bado ndevuni. Akasimama mbele ya mlango ule uliofungwa na mtu aliyekaa naye jangwa zima, akajinyoosha, akabisha.

"Hodi."

"Nani?" Mzee Juma akauliza kutoka ndani, kama mtu asiyejua.

"Abud wa Mombasa."

Mlango ukafunguka. "Karibu. Karibu ukae."

"Sikai. Nina kiapo. Lakini sikuapa kutosimama." Na pale pale kizingitini, wapita njia wakitazama, akamposea Hamisi bin fulani kwa Mwanasiti binti Juma, neno baada ya neno, hakuacha hata moja. Mzee Juma alikuwa bado anafungua mdomo kujibu, kigelegele kikatoka jikoni. Bi Mwanatumu hakungoja. Na juu ya kile kigelegele nilisikia, au nilidhani nasikia, dirisha la uani likilia kwa upepo, na hapakuwa na upepo.

"Basi jibu limeshatoka," akasema Mzee Juma. "Lakini binti ataulizwa kwanza."

Aliulizwa. Jibu alilotuma lilikuwa kwamba amekubali, kwa sharti moja: Mwambao uzungumzwe nje, nyumbani kwake usiingie. Sharti hilo halikuwahi kutimizwa hata siku moja. Ndugu wa Kwale alipofika na mahujaji akapokewa vizuri, akala, akaelezwa, akacheka, akatuombea dua. Na siku ya harusi Mzee Juma alifanya jambo ambalo mimi humwombea rehema kwa ajili yake: aliazima benchi karakanani, lililotengenezwa na ami Abud kwa mikono yake, akaliweka sebuleni mwake. "Hiki si kiti changu," akamwambia. "Kaa." Ami akakaa. Kabla pilau haijaisha walikuwa wamefika kwenye mkataba.

Wote wawili wamelala, mmoja Jeddah na mwingine Kwale, na hawakukubaliana mpaka mwisho. Mimi na Mwanasiti tulirudi Mombasa magoti yangu yalipokataa kazi, na karakana ya kichwani nikaijenga kweli, ijapokuwa orofa ya pili haikuja. Mapazia yapo.

Sasa nimekuwa mimi mzee wa kupeleka posa. Juzi nilimpelekea mjukuu wangu, nyumba ya watu wazito, wenye sebule ya heshima. Mzee wa nyumba alinishika mkono, akanivuta nikae, na kabla sijafika kwenye kiti akaniuliza kwa uchangamfu, "Nyinyi ni watu wa hapa hapa. Wakati ule wa Mwambao mlikuwa upande gani?"

Nilibaki nimesimama. Nikasema maneno ya posa yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikangoja, akanijibu ndiyo. Ndipo nikakaa, nikanyoosha miguu, nikamwambia alete kahawa, maana jibu la swali lake ni refu na nina wazee wawili wa kuwajibia.